GARI HULIA KABLA YA KUFA

Ndugu wafanyakazi, ndugu mashofere, na ninyi mashefu mnaotia sahihi karatasi za safari,

Kila asubuhi barabara ya Sake inayopita Ndosho hujaa mapema. Chukudu zinashuka na magunia ya makala na viazi, pikipiki zinapenya huku na huku, na katikati yao zinapita kamioneti za kazi, zimebeba watu, mabidoni ya mazutu, vyuma na chakula. Simama kando ya barabara dakika 10 tu, ufunge macho na kusikiliza. Utasikia kwamba mengi ya magari hayo yanalia. Moja linapiga mluzi. Jingine linagonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya sanduku. Jingine linakohoa na kutoa moshi mweusi hadi mama anayeuza ndizi anafunika uso na kitambaa.

Magari hayo hayajafa, lakini yanatuambia kwamba yanaumwa. Sisi tuliomo ndani tunasema, «Twende tu, litafika.»

Leo nataka kusema juu ya neno hilo, «litafika». Maoni yangu ni kwamba neno hilo linaumiza wafanyakazi wetu, na kwamba wa kulaumiwa si shofere peke yake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja nilikuwa mkubwa wa safari. Shofere wetu alikuwa mzee wa kazi, mtu asiye na maneno mengi. Kabla hatujafika Ndosho aliniambia, «Shefu, mshale wa moto unapanda. Tusimame kidogo.» Mimi niliangalia saa. Tulikuwa tumechelewa. Nikamjibu, «Mzee, twende tu, tutaangalia kule mbele.» Akatii, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa shefu. Mbele kidogo maji yakachemka, mvuke ukajaa mbele ya kioo, gari likasimama. Msaidizi wetu, kijana mwenye moyo wa kazi, akaruka chini, akafungua kapoti, akashika kifuniko cha radiatere na kukizungusha. Maji ya moto yakamrukia mkononi na usoni.

Kijana alipona, namshukuru Mungu, lakini alama anazo hata leo. Kichwa cha motere kilipinda, na kamioneti ikakaa garaje majuma mengi. Kilicholeta yote hayo ni mpira mmoja wa maji uliopasuka, kitu cha bei ndogo. Nilipofungua kitabu cha gari nikakuta shofere alikuwa ameandika mara 2: «Maji yanapungua.» Karatasi zote mbili zilikuwa na sahihi yangu.

Wazee husema kwamba ajali haina kinga. Siupingi usemi wa wazee, lakini hawakusema kwamba radiatere haina dawa. Wazee haohao walisema pia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Basi tujifunze mawingu ya motere.

Jicho, sikio na pua

Hatuhitaji mashine za Ulaya ili kujua kwamba motere inaumwa. Mungu ametupa vyombo 3: jicho, sikio na pua.

Tuanze na moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Mara nyingi ni filtri ya hewa iliyojaa vumbi, na sisi tunakaa juu ya mawe ya volkeno. Vumbi lake ni kali kama tupa. Tena Goma iko mita 1.500 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Motere inayopumua kwa shida pale Mombasa itakohoa zaidi ikifika kwetu. Moshi wa rangi ya buluu maana yake motere inakula mafuta yake yenyewe ya kulainisha. Moshi mweupe wa dakika chache wakati wa baridi ya asubuhi si kitu. Lakini ukiendelea kutoka hata baada ya motere kupata moto, na huku maji ya radiatere yanapungua, basi huenda maji yanaingia ndani ya silinda. Hapo gari lirudi garaje siku hiyohiyo.

Halafu vuta kijiti cha kupimia mafuta. Ukiona mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, ujue maji na mafuta vimechanganyika, huenda gasiketi ya kichwa cha motere imekatika. Usiwashe tena.

Sikiliza. Mluzi unaotokea wakati wa kuwasha mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Mlio mzito wa chuma kupiga chuma, unaoongezeka gari likipanda mlima, ni mlio wa hatari. Usiufunike kwa kuongeza sauti ya redio. Gari likipoteza nguvu kidogo kidogo, angalia filtri ya mafuta. Mazutu na esansi tunayonunua kwa makadhafi kando ya njia mara nyingine ina maji au uchafu, hata kama muuzaji ni mtu mwema. Magari mengi ya mazutu yana mahali pa kutoa maji hayo chini ya filtri. Shofere apajue, na apatoe maji mara kwa mara.

Taa ya mafuta ya motere ikiwaka nyekundu mkiwa njiani, hakuna «litafika». Zima palepale penye usalama. Motere isiyopata mafuta huharibika katika dakika chache, na baada ya hapo hata pesa nyingi hazitairudisha kama ilivyokuwa. Mshale wa moto ukipanda, simama, zima, ungoje nusu saa au zaidi. Huku kwetu juu maji yaliyo wazi huchemka yakifika digrii 95 hivi, si 100. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Ndiyo maana kifuniko kibovu huua motere, na ndiyo maana mtu anayekifungua kabla hakijapoa anaungua. Wala usimwage maji ya baridi katika motere yenye moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Moshi usioonekana

Hadi hapa nimesema juu ya chuma. Sasa niseme juu ya pumzi ya watu.

Moshi wa gari una sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Bomba la moshi likitoboka chini ya gari, sumu hiyo huingia ndani. Wanaoumia kwanza ni wale wanaokaa nyuma chini ya turubai, wamejifunika kwa sababu ya mvua. Kichwa kinauma, macho yanaona giza, usingizi unakuja. Wenzao hudhani wamechoka na kazi. Basi kila mtu akumbuke: watu 2 au 3 wakiumwa kichwa pamoja ndani ya gari moja, si malaria. Simamisheni gari, wote washuke, wapate hewa. Na katika garaje, motere isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha.

Lakini sisi wa Goma tuna adui mwingine, ambaye vitabu vingi vya magari havimtaji. Jina lake mnalijua: mazuku. Ni hewa ya kaboni, dioksidi ya kaboni, inayotoka katika ardhi ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara 1 na nusu hivi, kwa hiyo hutiririka kama maji na kukaa katika mashimo na mabonde. Inajulikana sana upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake na ukingo wa ziwa, kama vile Bulengo na karibu na Ziwa la Kijani. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, huwa nyingi zaidi. Mbuzi, ndege na panya hufa humo, na watoto na watu wazima pia wamekufa humo.

Mtaniuliza, mazuku na motere ya kamioneti vina undugu gani? Vina undugu mkubwa. Motere hupumua kama sisi. Pasipo na oksijeni ya kutosha, haiwaki.

Sikieni habari ya Kamerun. Tarehe 15 Agosti 1984, hewa ya namna hiyohiyo ilitoka katika ziwa Monoun usiku, ikatambaa juu ya barabara. Watu 37 walikufa. Kati yao walikuwemo waliosafiri katika kamyo. Motere yake ilizimika, nao wakashuka chini, wakafa. Watu 2 waliobaki juu ya mzigo walipona, kwa sababu walikuwa juu ya ile hewa. Miaka 2 baadaye, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa jingine la nchi ile, Nyos, likaua watu zaidi ya 1.700. Ziwa letu Kivu nalo lina hewa ya kaboni na metani nyingi sana katika vilindi vyake, nao wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkeno cha Goma wanaendelea kuchunguza.

Simulizi hilo linatufundisha jambo la pekee. Mara nyingi motere inayozimika inaumwa yenyewe. Lakini kama gari zima lisilo na dosari linakohoa na kuzimika ghafula katika bonde, alfajiri, hakuna upepo, na unaona ndege au wadudu wamelala chini, basi huenda si gari linaloumwa. Ni mahali penyewe. Hapo shofere asiingie chini ya gari na ufunguo. Wote wapande haraka mahali pa juu, wapige simu, wangoje jua na upepo. Na mwenzako akianguka katika shimo, usimfuate mbio. Wengi wamekufa wakiokoa wenzao. Waite watu, mleteni kamba, mvuteni mkiwa juu.

Kwa sababu hiyohiyo nasema, fundi asilale chini ya gari katika shimo au mahali pa bonde mapema alfajiri, hasa upande ule. Na asijaribu hewa kwa kuwasha kiberiti. Hewa inaweza kumdhuru mtu kabla haijazima moto, na moto karibu na esansi ni kifo kingine. Mnakumbuka Januari 2002: siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya mji, watu walikwenda kuchota mafuta katika kituo kimoja, pakalipuka, na makumi ya watu wakafa.

Garaje za Ndosho

Wengine wananiambia, «Sawa, umetufundisha dalili. Lakini tutengeneze wapi? Mafundi wa Ndosho ni wa barabarani tu.» Mimi sikubali maneno hayo. Nimeona katika mtaa huu mafundi wanaofungua motere ya Toyota juu ya turubai, wakaipanga vyuma vyake kwa utaratibu kama mama anavyopanga vikombe, wakaifunga tena, na ikawaka. Ujuzi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni haki kati ya mwenye gari na fundi.

Shefu anakuja na gari saa 10 ya mchana, anasema, «Fundi, kesho saa 12 asubuhi liwe tayari, na pesa ni hizi tu.» Fundi afanye nini? Anafunga waya mahali pa skurubu. Anatia chuma kilichochakaa mahali pa kipya. Anafanya kazi usiku kwa mwanga wa simu, chini ya gari lililosimama juu ya kriki na jiwe moja. Likianguka tunasema, «Fundi alikosa akili.» Hapana. Sisi ndio tuliomnunulia ajali ile, tena kwa bei ndogo.

Fundi mzuri utamjua hivi. Anauliza kabla ya kufungua: lilianza lini, linalia wakati gani, mlitia mafuta gani? Anawasha na kusikiliza. Anatafuta sababu, hakimbilii kubadilisha kitu. Anakuonyesha chuma cha zamani alichotoa. Haoni haya kusema, «Kazi hii inanizidi, mpelekee mwenzangu.» Na haingii chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, anaweka miguu ya chuma au magogo imara, na magurudumu yamezuiwa. Mawe yetu ya volkeno yana matundu na huvunjika. Yasiwe nguzo ya kubeba gari juu ya kifua cha mtu.

Nasi wenye magari tuna wajibu wetu. Tumweleze fundi ukweli wote. Tumpe muda. Tulipe kinachostahili, na tuandike katika kitabu kilichofanywa na tarehe yake. Mafuta machafu yasimwagwe chini. Yawekwe katika bidoni, kwa maana mvua huyapeleka kwa majirani. Fundi si mtu wa kampuni, ni kweli, lakini akiumia chini ya gari letu, damu yake ni ya nani?

Mambo ninayoyaomba

Naomba mambo 4, na si makubwa.

La kwanza, kila asubuhi shofere apewe dakika 5 kabla ya kuwasha: mafuta, maji, mkanda, batri, magurudumu, freni, na kuangalia chini ya gari kama kuna kitu kinachovuja. Dakika hizo zihesabiwe kuwa za kazi. Asiambiwe kwamba anachelewesha watu.

La pili, shofere awe na haki ya kusimama. Akisema gari linaumwa, neno lake lipite la shefu hadi fundi atakapoliangalia. Anayesimama kwa sababu ya taa nyekundu asikatwe mshahara wala kuitwa mvivu. Mvivu ni yule anayesikia mlio na kunyamaza.

La tatu, ziwekwe pesa kidogo pembeni kwa matengenezo madogo, ili mpira wa maji au mkanda ununuliwe siku hiyohiyo, bila kungoja sahihi 3 za ofisini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa motere ni ghali sana.

La nne, shefu anayetia sahihi katika kitabu cha gari asome kwanza. Nasema hivyo nikiwa wa kwanza kupigwa na fimbo hiyo.

Najua mtu atasema, «Kazi inangoja, na maisha ni magumu.» Ni kweli. Lakini tukumbuke tunakaa chini ya mlima gani. Nyiragongo ulimwaga lava mwaka 1977, ukarudia 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Siku 5 baada ya usiku ule serikali iliamuru mitaa 10 ya mji ihame, na umati wa watu ukaelekea Sake kwa barabara hii hii yetu, kwa miguu na kwa magari. Siku kama ile hakuna muda wa kumtafuta fundi. Gari linalosukumwa kila asubuhi ili liwake litamwokoa nani? Na likizimika katikati ya barabara, litawazibia njia wangapi?

Kwa hiyo kutengeneza gari si hasara ya kampuni wala madaha ya shofere. Ni sawa na kununua kofia ya chuma na buti. Kamioneti ni chombo cha kazi kinachobeba mababa wa watu asubuhi, na jioni inapaswa kuwarudisha wote.

Ndugu shofere, kesho asubuhi kabla ya kuondoka, zima redio. Washa motere, tulia kidogo, uisikilize kama unavyomsikiliza mtoto aliyelala na homa. Ikikuambia kitu, andika. Kama umeandika na hawasomi, waambie. Na kama umewaambia nao wanasema «litafika», waulize swali moja tu: litafika na nani?